Alipoketi Mheshimiwa

Mbwa alilipita kopo la tatu bila hata kuligeukia. Akalipita la nne. Kwenye la tano alisimama kidogo, akalinusa kwa adabu tu, kama mgeni aliyeshiba anayebembelezwa aonje, kisha akainua kichwa akanitazama. Kamba yake ilikuwa mkononi mwangu, na kupitia kamba ile nilihisi hana wasiwasi wowote. Mwenye wasiwasi nilikuwa mimi.

Chini ya turubai wageni walikuwa wameanza kunong'onezana. Tulikuwa kwenye ua wa mizigo nyuma ya uwanja wa ndege, alasiri yenye jua kali, na viti vya plastiki vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe kwa heshima ya ubalozi. Walikuwapo watu wa wizara, watu wa ubalozi, na waandishi wa habari na kamera zao. Mkuu wa kitengo chetu alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi hadi ukadhani ingeweza kusimama yenyewe bila yeye kuwa ndani. Alikuwa ametoka kusoma hotuba ndefu kuhusu nchi mbili kushikana mikono dhidi ya dawa za kulevya, na katikati ya hotuba akachomeka ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyemkusudia alikuwa mbwa.

"Mrudishe mwanzo," Mkuu akaniambia, meno yamebanana, huku akiendelea kuwatabasamia wageni.

Nikamrudisha mwanzo. Yalikuwa makopo matano, yamepangwa mstari mmoja juu ya saruji, vifuniko vyake vimetobolewa matundu. Matatu yalikuwa na kahawa, sabuni na sukari. Mawili yalikuwa na heroini. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, nami niliamini bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu aliyeyajaza alikuwa baba yangu mdogo.

Mbwa yule alikuwa na jina lake la kwao, lenye herufi nyingi zinazogombana, na hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka mbele ya mwenyewe bila aibu. Alipofika alipewa chumba chenye feni, wakati feni ya chumba chetu cha zamu ilikuwa imekufa tangu enzi za mkuu aliyestaafu. Siku hiyohiyo wenzangu wakambandika jina: Mheshimiwa. Na kweli alikuwa na mambo ya kiheshimiwa. Alisafiri na daktari wake, alikula kwa saa, na hakuwa na mazoea na mtu.

Nilimfuata mwenyewe huko kwao. Nchi hizi mbili zilikuwa zimetia saini makubaliano: wao watatupa mbwa na mafunzo, kisha watatusaidia kufungua kliniki ya kuwatibu walionasa kwenye unga, sisi tutawazuilia mizigo iliyokuwa ikipita kwetu kwenda kwao. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekamata begi moja la nguo za watoto, na nyuma ya kitambaa cha ndani cha begi lile nikakuta pakiti ya heroini, imebanwa bapa kama daftari. Picha yangu ikatoka gazetini. Mwenye begi akafungwa, rufaa yake ikatupwa, na pakiti ikakaa ghalani kusubiri siku ya kuchomwa.

Mwalimu wangu ughaibuni alikuwa mzee mrefu, mkimya, ambaye neno pekee la Kiswahili alilolishika kwangu lilikuwa "polepole". Alilitumia kwa kila kitu: salamu, pole, karipio. Nikamwita Bwana Polepole, na alipokuja huku na Mheshimiwa jina likamfuata. Nami lugha yake nilijifunzia kwa mbwa, yaani nilijua kusema "tafuta" na "vizuri sana" kabla sijajua kuomba maji ya kunywa. Na alinifundisha sheria moja kubwa kuliko zote. Mbwa wa kazi hii habweki wala hakwaruzi. Akipata harufu anaketi, basi. Na akiketi mahali sahihi, apewe mpira wake palepale, kabla hujavuta pumzi, kwa sababu mbwa hafanyi kazi kwa ajili ya serikali, anafanya kazi kwa ajili ya mpira. Ukimnyima siku aliyokuwa sahihi, kesho atakudanganya ili akufurahishe. Tulirudia zoezi hilo kwenye mvua na kwenye baridi ya kuuma mifupa, hadi mkono wangu ukaacha kuomba ruhusa kichwani. Mbwa akiketi, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Siku moja huko darasani tuliombwa kila mmoja aseme kwa nini alichagua kazi hii. Nikawaeleza habari za Chiriku.

Chiriku ni mtoto wa baba mdogo, na kwangu ni mdogo wangu wa kunyonya ziwa moja, ijapokuwa hatukunyonya. Baba yangu mzazi alifariki ningali mdogo, mama akaolewa mbali, na baba mdogo akanichukua bila kuitisha kikao cha ukoo. Tulikula sahani moja. Chiriku tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na breki mdomoni: angeweza kukusimulia mechi ambayo wewe mwenyewe umeitazama, ukiwa umekaa naye, na bado ukamsikiliza hadi mwisho. Kisha unga ukamwingia. Sitaki kuyasema yote. Aliuza sufuria zetu moja baada ya nyingine, akang'oa na mlango wa choo akauuza, na siku tuliyomzika mama mdogo hakuwapo makaburini, kwa sababu hakuna aliyejua yuko wapi. Tulipompata, alikuwa hana neno hata moja la kusema.

Halafu akapona. Ndivyo tulivyosema sote: amepona. Alirudi nyumbani, akaanza kuoga, akawa analala usiku kucha, mashavu yakajaa. Hakuiba tena hata kijiko. Kila jioni baba mdogo alirudi kutoka kazini, akabeba vikombe viwili vya chai, akaingia chumbani kwa mwanawe na kufunga mlango, wakazungumza. Mimi nilikuwa nikipita ukumbini, nikisikia sauti zao za chini, nikimshukuru Mungu. Majirani waliniuliza tumempa dawa gani, nikawajibu kwamba dawa ni mapenzi ya mzazi. Darasani kule ughaibuni niliyasema hayohayo, kwa lugha yao niliyoibabaisha, na mwenzangu mmoja akafuta machozi.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mtunza ghala la vielelezo. Kila kilichokamatwa uwanjani kilipita mikononi mwake, kikafungwa, kikapigwa lakiri, kikawekwa rafuni hadi mahakama iseme. Kazini walimwita Mzee Funguo. Katika jengo lile alikuwa mtu pekee ambaye hakuna aliyewahi kumsengenya, na ofisi yetu ilikuwa na watu wenye uwezo wa kumsengenya hata malaika.

Niliporudi kutoka masomoni, swali lake la kwanza halikuhusu mbwa.

"Na ile kliniki, mama?" Aliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Itakuja lini?"

"Inakuja, baba. Wameanza na mbwa kwanza."

"Mbwa wanapanda ndege," akasema. "Kliniki haipandi."

Nilicheka. Aliniuliza tena juma lililofuata, na tena baada ya hapo, nikadhani ni mambo ya wazee tu ya kufuatilia ahadi za serikali. Siku moja nikamtania kwamba akitaka sana ajenge yeye. Hakucheka, lakini hata hilo sikulitia akilini.

Sasa, kulikuwa na tatizo moja ambalo makubaliano hayakulifikiria. Ili kumwonyesha mbwa mbele ya watu lazima uwe na heroini halisi, na heroini ya mazoezi ilibaki kwenye shule yao. Sheria za nchi zote mbili zilipatana kwa hili: unga haupandi ndege, hata kwa nia njema. Kwa hiyo Mkuu akaomba mahakama imruhusu kutumia kiasi kidogo cha kielelezo kilichopo ghalani. Ruhusa ikatoka asubuhi ya siku yenyewe ya sherehe, na hakimu akataja kielelezo kimoja tu, cha kesi iliyokwisha kabisa. Ilikuwa pakiti yangu, ile ya begi la nguo za watoto.

Bwana Polepole aliomba tujaribu kwanza faraghani. Nikamtafsiria Mkuu.

"Mwambie wageni wako njiani," Mkuu akasema. "Tutajaribu mbele yao. Hayo si ndiyo maonyesho?"

Baba mdogo akapewa nakala ya ruhusa ile, akaingia ghalani, akafunga mlango, akatoka na makopo mawili yaliyojazwa. Alikuwa amevaa glavu. Nakumbuka nilimsalimu, na akaitikia marahaba bila kunitazama. Nilidhani ni haraka ya kazi.

Kabla hatujaanza nilishika kipaza sauti nikawaeleza wageni watakachokiona. Nikasema mbwa akipata ataketi. Nikautoa mpira mfukoni, nikauinua juu ili kamera ziuone, nikasema huu ndio mshahara wake, na haulipwi kwa makosa: mkiona nimempa, mjue amepata. Watu wakapiga makofi.

Basi nikamrudisha mwanzo. Akaanza upya, pua chini, mkia umenyooka. Kahawa akaipita. La pili, lililokuwa na heroini, akalipita. Sabuni, akaipita. La nne akalipita kama mara ya kwanza. Sukari hakuitazama.

"Labda hajui Kiswahili," mwandishi mmoja akasema, na kicheko kikazunguka turubai nzima.

Shingo ya Mkuu ilikuwa imelowa jasho hadi kwenye kola. Bwana Polepole akanisogelea, akainama, akaniambia kwa lugha yake, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kunirekebisha jinsi ya kushika kamba: "Makopo hayana kitu."

Maneno niliyaelewa, yote matatu. Maana yake ndiyo iliyokataa kuingia.

"Mpe kamba," akaongeza. "Mwache atafute mwenyewe."

Nikailegeza kamba. Mheshimiwa akainua pua, akaisimamisha hewani. Upepo mdogo ulikuwa ukitoka upande wa jengo, ambako watumishi walikuwa wamesimama kivulini kutazama: madereva, mfagizi, karani wa zamu, na mwishoni kabisa baba mdogo akiwa ndani ya koti lake la kazi la kijivu. Mbwa akanivuta. Tukaivuka saruji yote, mimi nyuma yake, nikisikia viatu vyangu mwenyewe. Akawapita madereva. Akampita mfagizi, ambaye alirudi nyuma akisema jamani. Akampita karani. Akafika mbele ya baba mdogo, akanusa mara moja kwenye mfuko wa kulia wa koti, akaketi.

Aliketi vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akiketi. Mgongo umenyooka, masikio juu, macho kwa baba mdogo.

Watu wakacheka kwa raha. "Hata mbwa anamjua mtu mwema," karani akasema, na kicheko kikaongezeka. Baba mdogo naye akatabasamu, akanyoosha mkono ampapase kichwani, halafu mkono ule ukaishia njiani, ukabaki umening'inia kati yake na mbwa.

Na mkono wangu ukaingia mfukoni.

Naapa sikuutuma. Nilichokiona ni mpira ukidunda kwenye saruji na Mheshimiwa akiudaka kwa furaha, akitikisa mwili mzima kama mbwa wa kawaida wa mtaani. Kicheko kikaendelea kwa muda, kisha kikaanza kupungua kutoka viti vya mbele, kwa wale waliokuwa wamenisikiliza nikieleza. Mwanamke mmoja wa ubalozi akaweka chini chupa yake ya maji. Bwana Polepole alitikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya kila nilipopatia, halafu akamwona yule mzee, akaniona na mimi, na nadhani hapo ndipo aliposoma kitu usoni mwangu.

Mkuu alikuja kwa haraka. Hakuwa akitabasamu tena.

"Mbona umempa mpira?"

Kulikuwa na majibu mengi. Nimekosea, afande. Nimechanganyikiwa, afande. Mbwa amechoka na safari, afande, hali ya hewa imembadilikia. Lolote kati ya hayo lingepokelewa kwa shukrani, na Mheshimiwa angerudishwa kwao kwa ndege ya kwanza pamoja na makubaliano yenyewe, na mimi ningerudi nyumbani jioni ile na baba mdogo tukiwa tumekaa kiti kimoja cha gari. Nilimtazama yule aliyenilea. Nilitafuta usoni mwake mshangao, au hasira, au hata amri ya jicho kwamba ninyamaze. Ningenyamaza. Kama angenikonyeza tu, ningenyamaza, na leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilikuta uso wa mtu aliyechoka, basi.

"Kwa sababu yuko sahihi, afande," nikasema.

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Ilikuwa ile ya kutolea ripoti.

Hakuna aliyemshika. Baba mdogo mwenyewe aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kidogo kilichokunjwa vizuri, kete moja ya unga, akaiweka kwenye kiganja changu na kunifunga vidole kwa mkono wake, mbele ya kamera zote. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimekamata mizigo ya watu nisiowajua, nimewaona wakilia, wakizimia, wakiniita majina, na sikuwahi kutetemeka. Siku ile nilimshikilia mbwa.

Wageni walipelekwa kunywa soda. Makopo yakafunguliwa mbele ya mkemia, na ndani yake kulikuwa na glukosi, ile wanayouza madukani kwa wagonjwa. Pakiti halisi ilikutwa ghalani humohumo, imefukiwa ndani ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, imekwisha karibu yote. Alikuwa ameihamisha siku kesi ilipokwisha, akaweka rafuni pakiti nyingine mpya, mkanda mpya na lakiri mpya, kwa kuwa mpiga lakiri alikuwa yeye.

Walimkalisha ofisini kwa Mkuu. Mlango ulikuwa wazi na Mkuu alikuwa kwenye simu ukumbini, akisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, na safari hii hakuwa mbwa. Nikaingia. Hakuna aliyenizuia, sijui kwa nini.

"Baba," nikasema.

"Sikugusa kesi inayoendelea," akasema. Ndilo lililomjia kwanza, na alilisema kwa msisitizo, kama mtu anayesingiziwa. "Hata moja. Ile ilikuwa ya kuchomwa tu, mama. Moto au yeye."

"Yeye nani?"

Alinitazama kwa huruma. Nafikiri ndipo alipogundua kwamba kweli sikuwa najua, kwamba katika nyumba ile yenye kuta nyembamba nilikuwa nimeishi miaka miwili na sikuwa najua.

"Mtaani wanachanganya na sumu," akasema. "Wenzake watatu wamezikwa. Nikajua naye atafuata, leo au kesho. Nikampimia mwenyewe, jioni kwa jioni, kidogo cha kumfanya akae. Nilikuwa napunguza. Nilikuwa nasubiri kliniki. Uliniambia inakuja."

Mkuu akarudi, akaniona, uso ukambadilika. Akaniamuru nikabidhi mbwa, niondoke, nisikanyage pale hadi nitakapoitwa, kwa kuwa mimi ni ndugu. Alisema watu wa upekuzi watafuata nyumbani. Nilipokuwa natoka, baba mdogo akaniita kwa jina la mama yake.

"Nenda moja kwa moja," akasema. "Ni saa yake hii."

Kliniki ilifunguliwa mwaka uliofuata. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, na Chiriku alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupanga foleni. Bado anakwenda kila asubuhi, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi kwenye kikombe kidogo, anafungua mdomo kuonyesha amemeza, anaenda zake kazini kwenye karakana ya baiskeli. Maneno yamemrudia, si yote. Mezani pale pa makubaliano waliketi watu wa nchi mbili wenye akili na nia njema, wakaulizana kipi kitangulie, na wakaona mbwa ni rahisi. Siwalaumu, na ninawalaumu. Siku nyingine nawalaumu tangu asubuhi hadi nalala.

Baba mdogo alikiri kila kitu na akahukumiwa kama anavyohukumiwa yeyote. Mimi nilihamishiwa kitengo kingine. Mheshimiwa alibaki, akakamata mizigo mingi, akawa na sifa nchi nzima. Mwenzangu mmoja, siku za mwanzo, alisema kwa mzaha kwenye chumba cha zamu kwamba kweli, kwa mbwa hakuna cha mjomba wala shangazi, wala baba mdogo. Nilimrushia kikombe. Kilimkosa, na hadi leo nasikitika kwamba kilimkosa.

Gerezani baba mdogo anapokuja kwenye wavu, hunisalimia kama zamani na kuniuliza kama nimekula. Hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Wakati mwingine ningependa anilaumu.

Lakini si gereza wala mahakama vinavyonizindua usingizini. Ni jioni ileile, nilipofika nyumbani.

Nilikuwa nimetembea sehemu ya njia na kukimbia sehemu nyingine, sikumbuki vizuri. Mlango wa mbele ulikuwa umesindikwa tu. Jikoni maji ya chai yalikuwa yamechemshwa, na juu ya sinia vikombe viwili vimesafishwa na kufunikwa. Chiriku alikuwa chumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameoga, nywele zimechanwa. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Tangu apone alipenda sana mikono mirefu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia.

"Shikamoo, dada. Baba hajaja?"

"Hajaja."

Akaitazama saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akaona kwamba nimesimama mlangoni na sitoki. Jasho dogo lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Kisha uso ukamfunguka. Ulikuwa uso wa zamani, wa Chiriku yule wa mechi, na sikuwa nimeuona kwa miaka.

"Ahaa," akasema. "Leo amekupa wewe."

Nikashika mwimo wa mlango.

"Usiogope, dada. Mimi najua. Baba aliniambia tangu mwanzo kabisa, ila alinikataza nisikutajie, alisema utaona aibu." Alikuwa akizungumza haraka, maneno yakisukumana. "Niliona na picha yako gazetini. Baba aliikata, akanionyesha, akaniambia: haya, dada yako ndiye aliyekukamatia. Bila yeye ungekuwa umekufa." Akainamisha kichwa kidogo. "Kila siku nilitaka nikushukuru. Sasa nashukuru, dada. Mungu akulipe."

Nje gari lilisimama, milango ikafunguliwa na kufungwa. Nikamsikia mtu akimwuliza jirani kama ndiyo nyumba yenyewe.

"Leo hakuna," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akidhani namtania, na akaanza kukunja mkono wa shati.